Kiti cha Nyuma

Niliwaona wakiteremka kilima kabla wao hawajaniona mimi.

Nilikuwa nimekaa nje ya kituo cha mabasi, mguu nimeunyoosha juu ya benchi, goti nimelifunga kitambaa chenye barafu niliyoiomba kwa ishara za mikono kwa mwuza vinywaji, maana lugha ya watu wale ilikuwa bado inanipiga chenga. Baiskeli yetu nyekundu ya viti viwili ilikuwa inakuja. Mbele alikuwa mchumba wangu. Nyuma, kwenye kiti changu, alikuwa Daktari, mwanamke aliyetulaza kwake jana.

Wewe ambaye hujawahi kupanda baiskeli ya watu wawili, ngoja nikueleze ili ujue kwa nini roho iliniuma. Pedali zake zimeunganishwa. Mguu wa mtu wa mbele ukipanda, wa mtu wa nyuma nao unapanda. Mmoja akipumzika, mwenzake hana budi kupumzika. Hakuna namna ya kuiendesha na mtu bila miguu yenu kufanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, kutwa nzima. Nilipokuwa nimekaa pale mimi, jambo hilo nililiona zuri mno, nikawaringia nalo mashoga zangu kwenye simu. Nilipoliona kwa mtu mwingine, niliona halina adabu.

Walikuwa wanacheka. Hilo ningelimeza. Kilichonikwama kooni ni sauti ya mchumba wangu, iliyonifikia kabla ya baiskeli yenyewe.

"Kona ya kushoto hiyo. Napunguza gia. Kuna shimo, inuka!"

Daktari akajiinua kidogo, shimo likapita chini yake, akakaa tena bila hata unywele kumtikisika.

Barafu ikaniponyoka. Tangu tuvuke mpaka, tukanyeshewa na mvua mpaka mikoba ikaota ukungu, tukafukuzwa na mbwa, tukapigwa pancha ya gurudumu la nyuma mpaka tukaizoea, mwanamume yule hakuwahi kuniitia shimo hata moja. Anayekaa nyuma haoni barabara. Usukani, breki na gia viko mbele, na anachokiona yeye ni mgongo. Nchi nzima ya watu niliitazama pembeni ya mgongo wake. Mimi ni mshonaji na shati lile la safari nililishona mwenyewe, na langu pacha wake, pamoja na mifuko ya mgongoni ili niweze kumtolea biskuti bila kusimama, kwa hiyo mishono yake niliijua kuliko barabara. Mashimo nilikuwa nayajua yakishanifika.

Hata goti lenyewe liliumia hivyo hivyo. Tulivuka reli bila mimi kujua kwamba kuna reli, mguu ukateleza, goti likagonga chuma. Alisema pole, na mimi na mapenzi yangu ya kijinga nikasema si kitu.

Kumbe mdomo anao.

Walisimama mbele yangu wakihema pamoja. Mchumba wangu ni mpima ardhi. Kazi yake ni kufumba jicho moja, kutazama mbali na kukaa kimya, na kazi hiyo huileta mpaka nyumbani. Yeye huniita Fundi.

"Fundi, goti linaendeleaje?"

"Lipo."

"Barafu ulipata?"

"Si unaiona hapo chini."

Daktari alishuka akaichukua chupa yangu ya maji kwenye fremu, akanywa. Ni daktari wa meno, na yake mwenyewe ni tangazo la biashara. Walisoma shule moja, yeye akaja ugenini kusoma, akapata kazi, akabaki. Mchumba wangu aliponiambia tutalala kwa rafiki yake wa shule, nilijichorea kichwani jamaa mmoja mwenye kitambi na kipara. Mlango ulipofunguliwa nikaona shingo ndefu, kiuno, na yale meno.

Alitupokea vizuri, sitamsingizia. Aliniwekea goti maji ya moto, akanipa chumba chake. Asubuhi, tulipoona siwezi kukanyaga pedali, akajitolea kukaa kwenye kiti changu mpaka mji huu, halafu arudi kwake kwa treni, na mimi nitangulie na basi. Mbele yao nilishukuru. Ndani ya basi nilitafuna kucha mpaka nikafika.

"Dada, una bahati wewe," aliniambia akijifuta midomo. "Mtu anakutangazia kila kitu mpaka vumbi."

"Nimesikia," nikasema.

"Kiti chako nimekipandisha kidogo. Miguu yangu imezidi urefu. Utaniwia radhi."

"Kikae hivyo hivyo."

Hakuielewa sauti yangu, au aliielewa akaiacha. "Nilikuwa nawaza. Kesho kuna mlima, na goti lako bado. Nikiomba ruhusa kazini naweza kumsindikiza mpaka ng'ambo, wewe ukatangulia tena na basi. Mnaonaje?"

Nilimgeukia mchumba wangu. Nilimpa nafasi yote aliyohitaji kusema hapana. Akainama kubonyeza tairi ambalo halikuwa na ubaya wowote.

"Tutaona," akasema.

Nilijikaza. Tulikuwa na mizigo ya nguo zinazonuka mvua, na kando ya kituo kulikuwa na duka lenye mashine za kufulia. Mchumba wangu akaenda kutafuta mipira ya breki, kwa haraka ya mtu aliyeona moshi. Tukabaki wanawake wawili tukitazama suruali zake zikizunguka nyuma ya kioo.

Nguo za kwanza zilipotoka, Daktari akaanza kukunja soksi zake. Zilikuwa soksi za mchumba wangu, na alikuwa anazipanga jozi kwa jozi. Nikamnyang'anya, kwa upole niliouazima.

"Niachie. Nitakunja mimi."

Aliniachia. Akaniangalia, akatabasamu. "Unanichukia?"

"Bado najifikiria."

Akacheka mpaka mzee aliyekuwa anangojea shuka zake akageuka. "Afadhali unasema. Mama yake mchumba wako ananichosha kwa kuzungukazunguka. Juzi alinipigia simu tukaongea mpaka chaji ikaisha. Nimpokee mwanawe vizuri, nimpikie, maana amesafiri peke yake na anakula ovyo."

Soksi moja ilibaki mkononi mwangu.

"Kasema nini?"

Alipouona uso wangu, tabasamu likamtoka. "Dada. Nilidhani unajua."

Peke yake. Juu ya baiskeli ya watu wawili.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hajafika bado, akifika nitampikia. Ningemwambia nini? Si kazi yangu kumtangazia mama wa mtu mambo ya mwanawe."

"Anakutaka wewe," nikasema. "Mama yake."

"Tangu nikiwa na sare ya shule."

"Na wewe?"

Mashine ilianza kukamua kwa kelele, akasubiri itulie. "Nikudanganye au nikwambie?"

"Niambie."

"Nilimpenda." Alilisema hivyo tu, bila kulipamba. "Alikuwa ananibebea mkoba, ananisindikiza mpaka getini kwetu, halafu anasimama pale kimya. Nikasubiri aseme. Tukamaliza shule, nikasubiri likizo zote. Ikatokea nafasi ya kusoma huku. Siku ya kuondoka akanisindikiza pia, na akanyamaza vizuri kuliko siku zote. Ndipo nikapanda ndege."

Nilitamani nimkate jicho, nikashindwa.

"Mbona leo amekuitia mashimo?"

"Kwa sababu kabla sijapanda nilimwambia, usiponiambia kila kilichoko mbele, mimi naruka. Yule ukimbana anasema. Usipombana utakaa hapo mpaka uote mizizi."

Wivu haukuniisha, usidhani. Ulibadilisha upande wa kulala. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwizi wa kiti changu, kumbe mwenzangu alishakikalia zamani, akachoka, akashuka. Na sasa nilimwonea gere kwa jambo jingine kabisa, kwamba yeye alijua kumbana na mimi nilijua kununa tu.

Tulimsindikiza kituo cha treni, baiskeli tunaikokota kati yetu. Nilimwambia mwenyewe kwamba asiombe ruhusa kazini, kesho tutajua la kufanya. Akanikumbatia kwanza mimi, kwa nguvu, halafu akamkumbatia mchumba wangu. Mkono wake ulikaa kwenye bega lile muda wa kutosha kushona kifungo. Nilihesabu kila tundu. Treni ikamchukua.

"Haya," mchumba wangu akasema, "twende tukatafute pa kulala."

Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi. "Treni ya kwenda uwanja wa ndege inapita hapa?"

"Ya nini?"

"Mama yako anafikiri umesafiri peke yako."

Akainamisha kichwa kwenye baiskeli, akaanza kuutazama mnyororo.

"Usiangalie mnyororo," nikasema. "Aliyeuliza ni mimi."

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Upi? Tukishapata wajukuu?"

"Fundi, mama humjui. Nilipomtajia mara ya kwanza kwamba kuna mtu, kwamba ni mshonaji, alisukuma sahani. Hakula mpaka kesho yake. Hakugomba, hakulia, alisukuma sahani tu. Mimi siwezi kumwona vile."

"Na mimi unaweza kuniona hivi?"

Akaanza kukwangua tope kwenye fremu. Abiria walikuwa wanatupita na masanduku yao, wakituangalia. Nikaona heri wasioelewa lugha waone vitendo, nikaendelea.

"Kaka yangu alinikataza safari hii. Alisema utazungukaje nchi za watu na mtu ambaye kwao hujafika hata mlangoni. Nikamjibu mbele ya mama kwamba wewe huna maneno lakini una vitendo. Mama aliniangalia, akaendelea kupiga pasi. Angenitukana ningeona nafuu. Nimekutetea kwa watu wangu mpaka ulimi umechubuka, na wewe kunitaja tu kwa mama yako kumekushinda."

"Sikukataa kukutaja. Niliahirisha."

"Na mashimo nayo uliahirisha?"

"Mashimo gani?"

"Yeye umemwitia yote. Kona, gia, shimo, inuka. Mimi hata reli hukuniambia."

Hapo alinyanyua uso. Nadhani ndiyo mara ya kwanza siku ile alinitazama hasa. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake, mpaka nikataka kumvuta maneno kwa koleo.

"Wewe nakusikia," akasema. "Nikitaka kupunguza mwendo nakuta miguu yako imeshapunguza. Nikichoka kabla sijasema, nakuta umeongeza nguvu. Yeye leo ilikuwa kama nimepakia kabati. Nilimwambia kila kitu kwa sababu hajui kitu. Wewe nilidhani unajua ninayoyajua mimi."

Sitaki kukuficha, maneno yale yalikuwa matamu. Siku nyingine yangenimaliza palepale kituoni. Na kabati lile nililipokea kwa mikono miwili, nikaliweka mahali pazuri moyoni. Lakini goti lilikuwa linapwita.

"Sikujua kuna reli," nikasema. "Na sikujua kwamba kwa mama yako mimi sipo."

Mkono wake ukaanza kurudi kwenye mnyororo.

"Nipe spana."

"Ya nini?"

"Nipe."

Nilishusha kiti cha mbele mpaka kikanifaa. Cha nyuma Daktari alishakipandisha, kwa hiyo kilimtosha mchumba wangu bila kuguswa, na hilo nalo liliniuma kidogo nilipokuwa nakaza nati.

"Naendesha mimi," nikamwambia. "Kando ya mfereji kuna njia tambarare mpaka mji wa pili, goti litamudu. Kuna kituo cha treni huko pia. Tukifika nitaamua kama kesho napanda mlima na wewe au napanda treni narudi kwetu."

"Hujawahi kukaa mbele."

"Na wewe hujawahi kukaa nyuma. Simu yako nitilie mfuko wa mgongoni, usije ukaidondosha majini."

Tuliondoka tukiyumba. Mikoba mizito, goti linalalamika, na mwanamume nyuma yangu anajaribu kukunja kona kwa mabega kama vile usukani bado anao. Nilipopata mwendo, nikauona ulimwengu. Mfereji ulikuwa wa kijani, nyumba zimeanika mashuka madirishani, na mbele yangu njia imenyooka bila mgongo wa mtu. Nilikasirika upya kwa yote niliyonyimwa.

Shimo la kwanza niliona linakuja. Nikajiinua mwenyewe, nikanyamaza.

Nyuma yangu palisikika mshindo na sauti ya mtu aliyekatwa pumzi.

"Pole," nikasema. "Nilidhani unajua."

Ukaja mzizi wa mti. Kofia yake ikanigonga mgongoni.

"Fundi, huwezi kusema?"

"Naweza."

Tukaenda. Halikuja tena shimo kwa muda mrefu, lakini nilimsikia jinsi alivyokuwa analingojea. Miguu yake ilikuwa mizito, imejaa woga, inakanyaga kama ya mtu anayetembea chumba cha giza. Wivu wa kutwa nzima ulinipungua hapo kidogo, na nikamwonea huruma bila kupenda.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?" akauliza. "Tangu tuanze?"

"Tangu mpakani."

"Haionekani chochote huku."

"Unaonekana mgongo."

"Ndiyo. Mgongo tu." Nikauhisi mkono wake ukiingia mfukoni mwangu, ukichomoa simu. Nikagusa breki.

"Usisimame," akasema haraka. "Tukisimama nitaanza kuangalia mnyororo."

Simu ikaita. Akaiweka sauti ya nje, nikasikia kikohozi, halafu sauti ya mwanamke ambaye nilimshonea nguo nyingi kichwani bila kumwona.

"Mwanangu. Daktari amekupokea?"

"Alitupokea, mama. Tumeshaondoka kwake."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mchumba wangu. Yule mshonaji niliyekutajia. Tuko naye tangu siku ya kwanza. Nilikwambia niko peke yangu, haikuwa kweli."

Nilisikia upepo na mnyororo tu. Nikamwona, kule aliko, akisukuma sahani.

"Na Daktari je?" sauti ikauliza.

Miguu yangu ilisimama. Kwa sababu ilisimama yangu, ya kwake nayo ikasimama, na baiskeli ikawa inajiendea yenyewe kando ya maji. Hakuweza kuuona uso wangu, lakini nadhani aliusoma wote miguuni.

"Daktari ni rafiki yangu," akasema. "Mzuri, na ninamheshimu. Ninayemuoa ni huyu, mama. Nikirudi nitakuja naye nyumbani. Ukisukuma sahani nitakaa hapo mpaka ule, lakini nitakuja naye."

Nikaanza kukanyaga tena.

"Mbona unahema?" mama yake akauliza, kana kwamba hayo mengine yote hakuyasikia.

"Niko kwenye baiskeli."

"Unaendesha huku unaongea na simu? Unataka kuniua?"

"Anaendesha yeye. Mimi nimekaa nyuma."

Mbele yangu lami ilikuwa imebomoka kipande kizima, ukingo kwa ukingo. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua, na ningekuwa na haki.

"Shimo," nikasema. "Inuka."

Akainuka. Likapita chini yetu sote wawili bila kutugusa.

"Nani huyo?" mama yake akauliza.

"Ndiye yeye, mama. Ananiambia kuna shimo."

Bata wawili walitupita kwenye mfereji wakituacha nyuma. Nilishika usukani mpaka vidole vikaniuma, na nikajua kwamba, mlima au treni, jibu langu lilikuwa ndani ya simu ile.

"Mwambie aendeshe polepole," mama yake akasema mwishowe, kwa sauti kavu. "Salamu nyingine sina leo. Lakini mwambie hivyo. Mtoto wangu ni mmoja."

"Nimekusikia, mama," nikajibu mwenyewe, kabla mwanawe hajafikisha.

Nikabana breki taratibu. Mbele kulikuwa na shimo jingine, dogo, la kupita hivi hivi bila mtu kulihisi. Nikaliita kwa sauti, wasikie wote wawili.